Beji za Marubani wa Kijerumani: Usiandike "Orijino" Kabla Hujageuza Nyuma

Darasa la leo ni refu kidogo. Lisome ukiwa umetulia, na kama unauza vitu vya zamani mtandaoni, lisevu kabisa.

Inboksi yangu imejaa swali moja. Mtu katumiwa picha ya beji ya chuma: shada la majani, katikati tai kashika swastika. Kaambiwa, "Hii ni ya rubani wa Kijerumani, Vita Kuu ya Pili, orijino kabisa. Nunua hapa kwa laki, wazungu watakupa milioni." Anauliza: kaka, nichukue mzigo?

Nitajibu hivi. Beji za kweli zipo, na wanaozikusanya wapo, hasa Ulaya na Marekani, na wanatoa pesa nzuri. Ila nakala zilianza kutengenezwa zamani sana, baada tu ya vita, na mpaka leo zinatengenezwa. Mnunuzi wa vitu hivi amesoma miaka mingi kuliko wewe na mimi. Ukimwandikia "orijino" umemwekea ahadi mezani. Akiigeuza beji nyuma akakuta sivyo, ahadi imekufa, na jina lako nalo limeumia.

Mimi niliishia kidato cha nne, Kijerumani sijasomea. Duka langu ni la sarafu, stempu, saa za mkono na vikorokoro vya zamani. Ninachokupa hapa nimekipata kwa kusoma usiku kwenye simu, kushika vitu mkononi na kuuliza wanaojua. Twende taratibu.

1. JUA KWANZA UNASHIKA NINI

Jeshi la anga la Ujerumani liliitwa Luftwaffe. Lilitangazwa rasmi mwaka 1935 chini ya Hermann Göring. Beji zake zilikuwa za aina nyingi, na wauzaji wababaishaji wanaziita zote "beji ya rubani". Hapo tayari wameshakosea. Zijue hizi:

Beji ya rubani, kwa Kijerumani Flugzeugführerabzeichen, ilianza 1935. Shada ni la rangi ya fedha, upande mmoja majani ya mlaureli na upande mwingine majani ya mwaloni. Tai ni wa kijivu cheusi, anaruka huku kashika swastika kwenye kucha.

Beji ya pamoja ya rubani na mwangalizi ilianza 1936. Hii imegeuza rangi: shada la dhahabu, tai wa fedha.

Beji ya mwendesha redio na mpiga bunduki wa ndegeni, nayo ya 1936. Tai anashuka chini akiwa na radi mbili kwenye kucha, na swastika iko chini kwenye shada. Mwaka 1942 ikaongezwa beji nyingine ya wapiga bunduki, haina zile radi.

Beji ya askari wa miavuli ya Luftwaffe, 1936. Tai wa dhahabu anapiga mbizi. Jeshi la nchi kavu nalo lilikuwa na yake, tofauti, kuanzia 1937.

Frontflugspange, ile ndefu yenye mabawa pembeni, ilianzishwa Januari 1941. Hii hupewi kwa kuhitimu mafunzo, unapewa kwa idadi ya safari za vitani: shaba safari 20, fedha safari 60, dhahabu safari 110.

Ipo pia ya pamoja ya dhahabu na almasi. Hiyo ilitolewa kwa wachache mno, na Göring mwenyewe ndiye aliyekuwa akiitoa. Rubani mwanamke Hanna Reitsch ni mmoja wa waliopewa. Ukiletewa hiyo kwa laki mbili, cheka, rudisha simu mfukoni, endelea na kazi zako.

2. TAREHE INAUA HADITHI

Hiki ni kipimo cha bure, hakihitaji hata kushika kitu. Sikiliza hadithi ya muuzaji, kisha weka tarehe pembeni.

Anakwambia: "Frontflugspange hii alivaa rubani aliyepigana vita vya Hispania, 1937." Haiwezekani. Ilianzishwa 1941. Labda alipewa baadaye kwa safari nyingine, sawa, lakini hadithi kama ilivyosemwa haisimami.

Ya kwetu hapa ndiyo maarufu zaidi: "Babu aliiokota Tanga enzi za Mjerumani." Ndugu yangu, enzi ya Mjerumani kwetu iliisha na Vita Kuu ya Kwanza. Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 1918. Luftwaffe ikatangazwa 1935. Kuna miaka 17 hapo katikati. Askari wa Mjerumani wa vita vile angeweza kukuachia heller au rupia, lakini si tai mwenye swastika.

Je, haiwezekani kabisa beji ya kweli ikakutwa Afrika Mashariki? Sisemi hivyo. Wapo watu wetu waliopelekwa Misri na Mashariki ya Kati kwenye vikosi vya kazi vya Waingereza katika Vita ya Pili, na askari wa kila nchi waliokota kumbukumbu. Walowezi wa Kijerumani nao walikuwepo Tanganyika. Ila "inawezekana" si ushahidi. Wakusanyaji wana msemo wao: nunua kitu, usinunue hadithi. Ushike kama kinga.

3. GEUZA NYUMA

Watu wengi wanapiga picha mbele tu, kwa sababu mbele ndiko kuna tai. Mkusanyaji anaanza nyuma. Mbele ni rahisi kuigiza. Nyuma ndiko kazi ya kiwanda inakoonekana.

Ribiti. Tai na shada ni vipande viwili tofauti vilivyounganishwa. Kwenye beji ya rubani, kila bawa limefungwa kwenye shada kwa ribiti, yaani kale kamsumari kafupi kanakogongwa kichwa kikakaa. Nyuma utaona vichwa viwili. Kama tai na shada ni kipande kimoja, na "ribiti" ni kauvimbe tu kalikochongwa kwa ajili ya kukudanganya, weka chini.

Bawaba, pini na ndoano. Pini inakaa kwenye bawaba na mwisho wake unashikwa na ndoano. Kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Kwa hiyo usiulize "je, kuna pini?" Uliza "je, hii ndiyo bawaba ya kiwanda kinachotajwa?" Ukikuta mwili umechakaa kama wa miaka themanini halafu pini inametameta kama ya jana, kuna mkono umepita hapo. Labda ni matengenezo tu, labda ni zaidi ya hapo. Vyovyote vile, mnunuzi lazima aambiwe.

Alama ya mtengenezaji. Utakutana na C.E. Juncker wa Berlin, Assmann wa Lüdenscheid (wengine wanaona herufi A tu), BSW ambao ni Brüder Schneider wa Vienna, au JMME wa Berlin. Wapo na wengine, na zipo beji za kweli ambazo hazina alama yoyote. Sasa sikia vizuri: alama si cheti. Mtengeneza nakala naye anajua kuandika Juncker. Alama inakuambia tu ulinganishe na beji gani. Umeona Juncker? Tafuta picha za Juncker zilizothibitishwa, lenga umbo la manyoya, mishipa ya majani, bawaba, ribiti, na hata umbo la herufi zenyewe. Kimoja kikikataa, simama.

Jambo jingine linalowachanganya wanaoanza: baada ya vita vifaa vya viwandani havikupotea vyote. Rudolf Souval wa Vienna ni jina ambalo wakusanyaji wanalijua, kwa sababu alitengeneza beji wakati wa vita na akaendelea baada ya vita. Kwa hiyo hata "kiwanda cha kweli" hakimaanishi "cha wakati wa vita".

Na kuna beji za 1957. Mwaka huo sheria ya Ujerumani Magharibi iliwaruhusu wanajeshi wa zamani kuvaa nishani zao bila swastika, zikatengenezwa upya hivyo. Hizo si feki, ni toleo lingine, na wapo wanaozikusanya. Feki inaanza pale mtu anapokuuzia ya 1957 akisema ni ya 1940, eti swastika "ilifutika kwa kuvaliwa". Angalia kwa lenzi: iliyokwanguliwa inaacha mikwaruzo, iliyotengenezwa bila swastika ni laini.

4. VIPIMO VYA BEI NDOGO

Huhitaji maabara. Unahitaji lenzi ya sonara inayokuza mara 10, sumaku ndogo, mizani ya sonara, kalipa kile kipimo cha mafundi, na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia.

Lenzi. Unatafuta tofauti ya kugongwa na kumiminwa. Beji nyingi za kweli zilitengenezwa kwa kugonga chuma kati ya kalibu mbili ngumu. Matokeo ni mistari mikali: unyoya mmoja unautofautisha na mwenzake. Nakala nyingi zinamiminwa kwenye kalibu iliyotolewa kwa kukandamiza beji nyingine. Utaona vitundu vidogo kama vya chapati, mistari iliyolala, na pembeni mshono wa nusu mbili za kalibu. Tahadhari: baadhi ya zinki za wakati wa vita nazo zilimiminwa kiwandani kwa mashine ya presha, kwa hiyo usiseme "imemiminwa, basi feki." Za kiwandani zinabaki kali na safi. Vitundu na ulegevu ndivyo vinavyoshtaki.

Kalipa. Chuma kilichomiminwa kikipoa kinanywea kidogo. Ndiyo maana nakala iliyotolewa kwenye beji ya kweli huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Kwa macho huoni, kalipa inaona. Linganisha na vipimo vya beji ya kiwanda kilekile, si vya kiwanda kingine, maana viwanda vilitofautiana.

Sumaku. Za mwanzo zilitengenezwa kwa aluminiamu, au shaba ya manjano na ndugu zake, au aloi iitwayo fedha ya Kijerumani. Hii ya mwisho ina jina la fedha lakini ndani hamna fedha. Ni shaba, nikeli na zinki. Vita vilipobana, madini mazuri yakaenda kwenye silaha, beji zikawa za zinki. Vyote hivyo sumaku haivishiki. Pini yenyewe inaweza kuwa ya chuma na ikashikwa, hiyo ni kawaida. Ila mwili mzima ukirukia sumaku, tatizo.

Mizani na maji. Hiki nakipenda. Pima beji kavu, tuseme ni gramu 28. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe sifuri. Funga beji kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba inayotokea ni ujazo wake. Tuseme imesoma 3.9. Gawanya 28 kwa 3.9, unapata kama 7.2. Zinki ni karibu 7.1, shaba ya manjano ni kama 8.5, aluminiamu ni 2.7. Kwa hiyo mtu akikuambia "shaba ya mwanzo kabisa" na wewe umepata 7.2, mwambie hesabu inakataa. Mipaka yake: pini ya chuma inavuruga kidogo, viputo vya hewa vinavuruga, na bati lina 7.3, jirani kabisa wa zinki. Kipimo hiki kinaweza kukuonyesha uongo, hakiwezi peke yake kukuonyesha ukweli. Na ukimaliza ikaushe hapohapo, zinki haipendi maji. Beji ya mtu usiichovye bila ruhusa.

Taa ya zambarau. Hii ni kwa beji za kitambaa, maana zilikuwepo pia za kudariziwa. Nyuzi na sabuni za kisasa zina dawa ya kung'arisha nyeupe, na chini ya taa ile zinawaka bluu. Kitambaa cha enzi ile kwa kawaida hakiwaki hivyo. Lakini hata cha kweli kikifuliwa kwa sabuni ya leo kinaweza kuwaka. Kwa hiyo kuwaka ni king'ora: simama, chunguza zaidi.

Uchakavu. Beji iliyovaliwa inasagika sehemu zilizoinuka: kifua cha tai, ncha za bawa, mgongo wa majani. Iliyozeeshwa kwa siki, chumvi au kuzikwa udongoni inachafuka kote sawasawa, na uchafu umejaa mabondeni kama umepakwa. Zinki iliyozeeka kwa haki huwa ya kijivu kilichofifia, rangi ya fedha imenywewa. Na tafadhali, usisafishe. Usipake dawa ya kung'arishia shaba hata kidogo. Unafuta ushahidi, na thamani inaondoka nayo.

5. BEJI TANO, KOVU MOJA

Dada mmoja anayeuza mikoba ya mtumba mtandaoni alinitumia picha. Muuzaji wa nje alimpa beji tano za rubani, kila moja 90,000, usafiri 60,000. Jumla 510,000. Hela hiyo ilikuwa kodi ya fremu yake ya miezi mitatu, na muuzaji alikuwa anamsukuma: "Lipa leo, kuna mteja mwingine."

Nikamwambia, dada, usilipe bado. Omba picha za nyuma za zote tano, moja moja, kwenye mwanga wa dirishani, na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni. Picha za mbele alizotumiwa tukazitafuta kwa kutumia utafutaji wa picha mtandaoni kuona kama zimeibwa. Hazikuwa zimeibwa. Mpaka hapo mtu angesema muuzaji ni mkweli.

Picha za nyuma zikaja. Alama ya Juncker ipo. Ribiti zipo. Dada akaniandikia, "Kaka, si unaona ni zenyewe?"

Nikamwomba azikuze, aangalie jani la tatu kutoka chini, upande wa mwaloni. Beji ya kwanza ilikuwa na kovu dogo, kama iligonga ukingo wa meza. Ya pili ilikuwa nalo. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kovu lilelile, jani lilelile, pembe ileile.

Marubani watano tofauti hawawezi kugonga meza sehemu moja. Kuna beji moja iliyokuwa na kovu, ikakandamizwa kalibu, na kalibu ikazaa watoto watano waliorithi kovu la mama.

Hapa kuna jambo la kulielewa vizuri, maana wengi wanalikoroga. Kalibu ya kiwandani nayo inaweza kupata ufa, na beji zote za kweli zitakazogongwa baada ya hapo zitakuwa na alama moja. Utatofautishaje? Ufa wa kalibu unaacha mstari ulioinuka juu ya beji, kwa sababu chuma kiliingia kwenye ufa. Kovu la kugongwa mezani limezama ndani. Alama iliyoinuka ikijirudia, inaweza hata kuwa ushahidi mzuri wa kiwanda. Kovu lililozama likijirudia, kwangu mimi kesi imeisha.

Dada akamuuliza muuzaji kwa upole kuhusu lile kovu. Akablokiwa dakika ileile. Kodi ya fremu ikalipwa kwa wakati.

6. KARATASI NA KIBOKSI

"Mimi nina na cheti chake." Vizuri. Marubani walikuwa na hati ya kupewa beji, kitabu cha safari za ndege, na daftari la mwanajeshi lililoitwa Soldbuch ambamo nishani ziliandikwa. Beji yenye karatasi za mtu mmoja zinazosemezana ina thamani zaidi. Lakini karatasi nazo zinaghushiwa, na karatasi ya kweli inaweza kuwekwa na beji ya uongo ili moja imbebe mwenzie. Kiboksi vilevile.

Kwa hiyo kagua kila kitu peke yake. Beji isimame kwa miguu yake, karatasi isimame kwa miguu yake, halafu ndipo uulize: je, tarehe zinakubaliana? Cheo kinakubaliana? Mtu ambaye karatasi inasema alikuwa fundi wa mitambo ardhini, beji ya rubani kaipataje?

Ukitaka kuona za kweli bure, makumbusho yanasaidia. RAF Museum na Imperial War Museum za London, na makumbusho ya kijeshi ya uwanja wa ndege wa zamani wa Gatow kule Berlin. Kumbukumbu za wanajeshi wa Ujerumani zinatunzwa na hifadhi ya taifa lao, Bundesarchiv.

7. KABLA HUJAPOSTI

Hata ikiwa ya kweli, si kila mahali unaruhusiwa kuiuza. eBay hawaruhusu bidhaa za namna hii zenye swastika. Ukiweka, tangazo linashushwa, na akaunti yenye miaka yako yote ya maoni mazuri inaingia hatarini. Jambo hili lina historia: mwaka 2000 mahakama ya Ufaransa iliiamuru Yahoo iwazuie Wafaransa wasifikie minada ya vitu vya Kinazi, na mwanzoni mwa 2001 Yahoo ikaviondoa kwenye minada yake. Kwa hiyo soma sheria za jukwaa lako kwanza, usisikilize "mbona fulani ameweka".

Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani na kusambaza alama hizi, adhabu hadi miaka 3 jela au faini. Historia, elimu na sanaa vina nafasi yake, na ndiyo maana wauzaji wa kule hufunika swastika kwenye picha. Austria nao wana sheria kali. Mteja wa huko akikuambia "tuma tu", aliye kwenye jina la mtumaji ni wewe.

Na zaidi ya sheria, ujue unauza nini. Alama ile ni ya utawala ulioua Wayahudi wapatao milioni 6, na watu wengine wengi. Ndege za Luftwaffe ndizo zilizopiga mabomu Rotterdam Mei 1940. Juni mwaka huohuo, huko Chasselay karibu na Lyon, wanajeshi wa Kijerumani waliwaua Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliokuwa wameshasalimu amri. Wale ni ndugu zetu wa Afrika Magharibi. Msichanganye na swastika ya Wahindu, ile ni alama ya heri ya maelfu ya miaka.

Sikukatazi biashara. Makumbusho na wasomi nao wanazihitaji beji hizi. Ila mimi dukani nina kanuni: sipambi tangazo kwa maneno ya kusifu utawala ule, na mteja akianza kuusifu inboksi, simuuzii.

8. TANGAZO LIANDIKWE HIVI

Usiandike unachotamani. Andika ulichokiona. Nina makundi matatu tu:

Nakala. "Nakala ya kisasa ya beji ya rubani wa Luftwaffe. Imemiminwa. Inafaa kwa filamu, maigizo na maonyesho." Bei ya nakala. Hakuna aibu kuuza nakala inayoitwa nakala.

Haijathibitishwa. "Beji yenye muundo wa beji ya rubani wa Luftwaffe. Uzito gramu kadhaa, sumaku haishiki, ribiti mbili, alama ya A nyuma, pini imebadilishwa. Sijathibitisha umri wake. Picha kumi zimeambatanishwa." Bei iwe ya kitu kisichothibitishwa. Mnunuzi mjuzi ataangalia picha na kuamua mwenyewe, na atakuheshimu.

Imethibitishwa. Hapa utaje nani kathibitisha na kwa maandishi, na uweke siku za kurudisha. Kama huko tayari kurudisha hela, basi hata wewe huamini, kwa nini mteja aamini?

Picha zenyewe ni hizi: mbele, nyuma, ubavuni, bawaba, ndoano, kila ribiti, alama kwa karibu, beji juu ya mizani, beji kwenye kalipa. Mwanga wa dirishani, bila filta. Kasoro ipigie picha ya peke yake. Jukwaa likitaka swastika ifunikwe, funika.

MUHTASARI WA KUSEVU

Taja jina sahihi la beji. Linganisha hadithi na tarehe. Geuza nyuma kabla hujapenda mbele. Alama ya kiwanda ni mwanzo wa uchunguzi, si mwisho. Lenzi, sumaku, mizani, kalipa. Ukiletewa nyingi kwa pamoja, tafuta kovu linalojirudia. Karatasi ikaguliwe peke yake. Soma sheria ya jukwaa na ya nchi ya mteja. Mtu akikuharakisha, hiyo haraka nayo iweke kwenye orodha ya dalili mbaya.

Na kodi ya fremu haiingii kwenye kitu ambacho hujakiona nyuma.

Una beji mezani na hujui pa kuanzia? Weka swali kwenye komenti, taja uzito, sumaku inasemaje, na nyuma kunaonekanaje. Tutaiangalia pamoja, na wengine wajifunze. Biashara njema.